Mpaka Ukiandikwa, Haki Nayo Iandikwe

Leo nawaomba tuzungumze juu ya neno moja tu, neno "mvamizi". Tunalisikia mara kwa mara katika taarifa zetu za habari. Wavamizi wa hifadhi wametakiwa kuondoka. Wavamizi wamepewa siku kadhaa. Mifugo ya wavamizi imekamatwa. Sisi tulioko mjini tunasikia, tunatikisa kichwa, tunaendelea kula wali wetu. Na huenda wali wenyewe umetoka huko huko kwa hao tunaowaita wavamizi, yaani katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro.

Tulitazame basi bonde hilo kwa makini. Ukiondoka Ifakara ukaelekea kusini magharibi unapita Mbingu, Mngeta, Chita, hadi Mlimba ambako reli ya TAZARA inapita. Hapo ukidhani umefika mwisho, bado. Mbele zaidi, katika Halmashauri hiyo hiyo ya Mlimba, iko kata ya Masagati. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Nimeitaja Masagati kwa makusudi. Ni mfano mzuri wa mahali ambapo tangazo linalochapishwa katika Gazeti la Serikali halifiki kwa wakati, na likifika hakuna wa kulifafanua. Wasikilizaji, lishikeni jambo hilo, maana ndilo kiini cha mazungumzo yangu ya leo.

Watu wa bonde hilo si wageni wa jana. Wandamba wamevua samaki na kulima mpunga kandokando ya mto huo tangu enzi. Wako Wambunga, wako Wapogoro, na wako Wabena wa bondeni. Mwaka 1935 Bwana Culwick, ofisa wa utawala wa Kiingereza, pamoja na mkewe, walichapisha kitabu kizima juu ya Wabena hao, wakawaita watu wa Ubena wa mito. Serikali ya kikoloni ilikuwa inawajua kwa majina ya ukoo na ya watemi wao.

Serikali hiyo hiyo, mwaka 1952, ikalitangaza eneo kubwa la bonde kuwa Pori Tengefu la Kilombero. Je, maana ya Pori Tengefu wakati ule ilikuwa nini? Maana yake ilikuwa kwamba huruhusiwi kuwinda mnyama bila leseni. Basi. Kulima ulilima. Kuvua ulivua. Kujenga kambi ya uvuvi, kukata majani ya kuezekea, kupita na mtumbwi kwenda kumsalimu shangazi ng'ambo, kucheza mchangani mto unapopungua, yote hayo yaliendelea. Mnyama alikuwa wa Serikali, lakini ardhi ilikuwa ya wote. Watu waliishi hivyo zaidi ya miaka 50, wakazaa na kuzika humo humo.

Mwaka 2009 Bunge letu likatunga Sheria mpya ya Kuhifadhi Wanyamapori, Sheria Namba 5. Sheria hiyo ikabadili maana ya neno bila kubadili neno lenyewe. Pori Tengefu likabaki kuitwa Pori Tengefu, lakini sasa kulima ndani yake ni marufuku, na kulisha mifugo bila kibali ni marufuku. Mtu alilala akiwa mkulima, akaamka akiwa mvamizi, wala hakuhama hata hatua moja. Kilichohama ni maana ya neno. Na sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, maana Kiswahili kilipewa nafasi yake ya kuwa lugha ya sheria zetu mwaka 2021.

Lakini tuwe waadilifu. Sheria hiyo haikumsahau mwanakijiji kabisa. Kifungu cha 16 kilimwagiza Waziri, ndani ya miezi 12, aipitie orodha ya mapori tengefu yote nchini, aone yapi yaendelee na yapi yasiendelee, na ahakikishe kwamba hakuna ardhi ya kijiji inayoingizwa ndani yake. Ni kifungu kizuri mno. Miezi 12 ikapita. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni kubwa ya kuondoa mifugo bondeni. Januari 2019 Rais John Magufuli akaagiza kusitishwa kuondolewa kwa vijiji vilivyokuwa ndani ya maeneo ya hifadhi nchini, na kamati ya mawaziri wanane ikazunguka nchi nzima. Kisha mwaka 2023 Kilombero likapandishwa daraja, likawa Pori la Akiba. Toka 2009 hadi 2023 ni miaka 14. Hebu fikirieni mtu anayepanda mpunga kila mwaka kwa miaka 14 bila kujua kama mavuno yatakuwa yake!

Pori la Akiba si Hifadhi ya Taifa, lakini kwa mwanakijiji tofauti ni ndogo. Kuingia ni kwa kibali, kuishi hapana, kulima hapana. Na ndiyo maana kelele zimesikika. Kelele hizo hazisemi kitu kimoja. Mkulima anadai shamba lake. Mvuvi anadai kambi yake na njia ya kufikia maji. Mfugaji anadai malisho. Tena mkulima na mfugaji wenyewe hawapatani, na kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole kwamba ndiye aliyeleta balaa hili. Lakini ukizisikiliza kwa utulivu utasikia sauti moja chini yake: mbona mmepanga bila sisi?

Sasa, wako wataalamu wetu wa hifadhi, na wao wana hoja nzito. Mimi siwezi kuwabeza. Bonde la Kilombero ni makao ya sheshe, swala wa majini ambaye sehemu kubwa ya wenziwe waliobaki duniani walikuwa hapo. Idadi yao imeshuka vibaya. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na kilomita za mraba 7,967. Mto Kilombero ndio mchangiaji mkubwa wa maji ya Rufiji, na Rufiji ndiyo inayojaza bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Ng'ombe wakijaa kupita kiasi, kingo zikalimwa hadi majini, misitu ya juu ikafyekwa, mto utapungua, na taa zitazimika Kariakoo kabla ya kuzimika Masagati, maana wenzetu wengi wa vijijini bado hawajaunganishiwa umeme wa gridi. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba nimesimama hapa kutetea kumalizwa kwa bonde. Hasha. Bonde likifa, wa kwanza kufa njaa ni huyo huyo Mndamba.

Swali langu ni jingine. Kama hifadhi ni kwa faida ya taifa zima, kwa nini gharama yake ilipwe na jirani wa hifadhi peke yake?

Tusiende mbali kutafuta jibu. Kaskazini mwa bonde hilo hilo, upande wa Mang'ula, iko Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Ilianzishwa mwaka 1992, kilomita za mraba 1,990, kwa kuunganisha misitu iliyokuwa ya Serikali kama vile Mwanihana, Iwonde na Matundu. Kabla ya hapo msitu ulikuwa na sheria zake, lakini mwanakijiji alipanda mlimani kutafuta kuni, dawa, uyoga na majani. Alikwenda kutambika. Vijana walikwenda kuoga kwenye maporomoko ya Sanje, yanayoshuka mita zipatazo 170, bila kuulizwa tikiti na mtu. Leo anayetaka kuyaona maporomoko hayo anapita getini na kulipa kiingilio, hata kama babu yake alizaliwa mahali ambapo mngurumo wa maji hayo unasikika.

Na watu hao walikuwa na elimu yao. Mwaka 1979 wanasayansi walimtambua kima wa Sanje, kiumbe ambaye hakuwamo katika vitabu vyao. Walimjuaje? Mwongozaji wao, mtu wa hapo hapo, aliisikia sauti msituni akamtaja mnyama kwa jina lake la kienyeji. Dunia ikashangilia kwamba kima mpya amegunduliwa. Kwa mwongozaji yule hakuwa mpya hata kidogo.

Haya, hifadhi ikaanzishwa. Wanakijiji wakaruhusiwa kuingia siku maalumu za wiki kuokota kuni kavu, kuni zilizokwisha anguka zenyewe. Akina mama wa Mang'ula, Sanje na Msolwa wakalipokea hilo, wakaishi nalo karibu miaka 20. Yalikuwa mapatano ya ujirani mwema. Lakini mapatano hayo hayakuwa haki iliyoandikwa pamoja na mpaka. Yalikuwa ruhusa. Na ruhusa, ndugu wasikilizaji, ni mali ya anayeitoa. Mwaka 2011 ruhusa ikafutwa. Wataalamu walieleza sababu zao: msitu ulikuwa unaumia, na wengine waliingia kwa kisingizio cha kuni kumbe wana mapanga na mitego. Inawezekana kabisa. Lakini mama aliyekuwa akiokota kuni kwa uaminifu aliadhibiwa pamoja na jangili, na hakuwa na karatasi ya kwenda nayo kwa mtu yeyote kusema, "Jamani, tulikubaliana hivi."

Linganisheni jambo hilo na habari ya chura. Huko huko, katika korongo la mto Kihansi, jirani na Mlimba, mwaka 1996 waligunduliwa vyura wadogo wa manjano ambao hawapatikani popote pengine duniani. Wanaishi kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme la Kihansi lilipojengwa, maji yakachepushwa kwenda kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua. Mambo yaliyofuata ni ya ajabu. Vikao vikaitishwa. Mwaka 2000 vyura karibu 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani. Mimi nilifurahi, na nadhani wengi mlifurahi. Ni kazi ya sifa.

Lakini naomba kuuliza kwa heshima. Chura alipopoteza maji yake, zilipatikana fedha, mpango wa maandishi na watu wa kuusimamia. Mama wa Sanje alipopoteza kuni zake, alipata tangazo. Je, tunashindwa kumfanyia binadamu yale tuliyoweza kumfanyia chura?

Katika bonde lile lile, mwaka ule ule wa 1992, ilianzishwa kampuni ya kupanda misaji. Ina ardhi kubwa, ina hati, na mipaka yake inajulikana. Sisemi kwamba ni vibaya. Nasema tu kwamba mwenye karatasi analala usingizi, na asiye na karatasi anakesha akisikiliza kama kuna gari linakuja kuweka bikoni.

Wengine watasema sheria ipo. Ni kweli ipo, tena nzuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji inapotakiwa kugeuzwa kuwa ardhi ya hifadhi, lazima tangazo litolewe, mkutano mkuu wa kijiji usikilizwe, na fidia ikubaliwe kabla ya ardhi kuhamishwa. Kabla, si baada. Lakini sheria hiyo humlinda yule ambaye ardhi yake inatambuliwa kuwa ni ya kijiji. Ukishaitwa mvamizi, mlango huo umefungwa. Nani atamlipa fidia mvamizi? Hapo ndipo mnaona uzito wa neno lile nililoanza nalo. Neno moja hufuta madai ya ukoo mzima.

Sisi wa mjini tulielewe jambo hili kwa mfano wetu wenyewe. Mwaka 1989 wakubwa wa Kenya walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya kupumzikia ya watu wa Nairobi. Profesa Wangari Maathai akasimama akapinga. Alitukanwa, akaitwa kila jina, lakini jengo halikujengwa. Afrika nzima ilimpongeza, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Hoja yake ilikuwa nini? Kwamba mahali pa wote hapachukuliwi bila wote kuulizwa. Akisema hivyo Profesa mjini, tunampigia makofi. Akisema hivyo mvuvi wa Kilombero, tunamwita mvamizi. Najua, huyu alikuwa akipinga jengo na yule anapinga pori. Lakini kuulizwa ni kuulizwa.

Je, yako mahali ambapo mambo yalifanywa vizuri zaidi? Yako. Uganda, mwaka 1991, waliugeuza msitu wa Bwindi, makao ya sokwe wakubwa wa milimani, kuwa hifadhi ya taifa. Watu walikasirika, na moto ukawashwa msituni. Wakubwa wa Uganda hawakutegemea bunduki peke yake. Miaka michache baadaye waliandikiana mapatano na parokia zinazouzunguka msitu, wafugaji wa nyuki waweke mizinga yao katika sehemu maalumu na waganga wachume dawa. Sehemu ya kiingilio cha watalii ikawa inarudi kwa majirani. Si pepo, Wabatwa waliokuwa wakiishi msituni walipoteza karibu kila kitu na hadi leo wanadai. Lakini jirani mwenye mzinga wake ndani ya hifadhi hana sababu ya kuichoma.

Hapa kwetu, Kisiwa cha Mafia kilipata hifadhi ya bahari mwaka 1995, chini ya sheria ya mwaka 1994. Vijiji havikuhamishwa. Viliachwa ndani ya hifadhi, bahari ikagawanywa: hapa pasivuliwe, hapa pavuliwe kwa masharti. Ugomvi umekuwapo, lakini hakuna aliyemwambia mvuvi wa Mafia kwamba kuzaliwa kwake pale ni kosa.

Na Mang'ula penyewe, miaka ya karibuni, imefunguliwa tena njia ya tembo wanaotoka Udzungwa kuelekea upande wa Nyerere. Wenye mashamba katika njia hiyo walifuatwa, wakazungumza, wakakubaliana fidia. Chini ya barabara ya Kidatu hadi Ifakara ikajengwa njia ya tembo kupita. Kwa hiyo inawezekana, na inawezekana katika bonde hilo hilo.

Nisikilizeni pia kwa upande wa tahadhari. Karatasi peke yake haitoshi. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia sahihi kukubali kuondoka Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa mwaka 1959 iwe mahali pa watu na wanyama pamoja. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku. Mwaka 2022 kaya zikaanza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao Serikali iliuita wa hiari na wapinzani wake waliukataa. Kwa hiyo karatasi inahitaji walinzi: wananchi wanaoijua, wabunge wanaoiulizia, na magazeti yanayoikumbuka.

Basi mimi napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila tangazo linaloweka mpaka wa hifadhi lieleze ndani yake, kwa Kiswahili, haki gani za majirani zinabaki: njia, makaburi, matambiko, uvuvi wa msimu, kuni kavu. Kisichoweza kubaki kielezwe hivyo, na fidia yake itajwe. La pili, tangazo hilo lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla bikoni ya kwanza haijachimbiwa, hata kama kijiji ni cha mbali kama Masagati na mvua inanyesha. La tatu, tuliache neno "mvamizi" mpaka mtu athibitishwe kuwa ni mvamizi. Wako wavamizi wa kweli, wenye makundi makubwa ya ng'ombe na fedha za kuwalainisha wakubwa. Lakini tusimweke kapu moja na mtu aliyekuwapo kabla ya mpaka kuwapo.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hifadhi ni mgeni katika Bonde la Kilombero. Imekuja na mambo mema, na tunaikaribisha. Lakini mgeni anayeingia kisha akamwambia mwenyeji, "Wewe ndiye mvamizi," amekosa adabu ya ugeni, na mwenyeji hatamlindia mzigo wake usiku. Sheshe na tembo hawalindwi na bikoni. Wanalindwa na majirani wanaoona faida ya wao kuwapo.